Tulimtapisha baba nyongo wiki sita, kumbe nyongo ilikuwa imekwama

Wakuu habari za muda huu. Najua hapa nitakula matusi, na mengine nastahili. Naandika kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu yangu mbaya.

Mimi naishi Kitaji hapa Musoma, nauza spea za pikipiki. Baba yuko kijijini Butiama, anafuga.

Mwaka huu macho yake yalianza kuwa ya njano. Mkojo ukawa mweusi kama kahawa, choo kikapauka, anajikuna mpaka ngozi inachubuka.

Majirani wote wakasema nyongo imezidi. Baba anapendaga sana kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ya mbuzi, kwa hiyo nikaona inaingia akilini. Nikatafuta dawa ya mizizi ya kutapisha nyongo. Kila Jumapili naenda nayo, namshikia kikombe mwenyewe.

Dada yetu mkubwa ameolewa Bunda. Akanipigia, akasema nimpeleke baba hospitali. Nikamwambia atawale huko kwake, hapa kuna mtoto wa kiume.

Ndiyo, niliongea hivyo. Kichwa changu kinachemkaga haraka.

Wiki ya sita baba akaanza kutetemeka. Saa saba mchana, jua kali, kajifunika mablanketi mawili na meno yanagongana. Akapimwa malaria, hakuna. Mimi bado nikang'ang'ana kwamba ni malaria.

Kesho yake dada akaja na gari la kukodi. Hakunisalimia. Tukampakia baba, nikakaa nyuma nimemshika kichwa.

Njiani akaanza kumwita mama, na mama alishafariki. Wakuu, niliogopa vibaya mno. Nilitaka kumwomba dada msamaha palepale, nikaishia kumwambia dereva aongeze mwendo.

Musoma wakamtundikia dripu na antibiotic haraka, kisha rufaa Mwanza. CT scan ikaonyesha uvimbe wa kansa kwenye kongosho. Hata kongosho sikuijua, ni kiungo kipo nyuma ya tumbo la chakula.

Daktari akatuelewesha taratibu. Nyongo inatoka kwenye ini, inashuka kwenye utumbo kwa kinjia chembamba kinachopita kwenye kongosho. Uvimbe ulikuwa umekibana. Nyongo ikikwama inarudi kwenye damu, ndiyo ile njano na kujikuna.

Halafu bakteria wa utumbo wanapanda, wanazaliana kwenye nyongo iliyotuama, wanaingia kwenye damu. Ndiyo kutetemeka kule. Akasema hao wangemmaliza kabla ya kansa yenyewe.

Nikauliza kama ndio walioleta kansa. Akasema wataalamu bado wanachunguza mchango wao, hawezi kunidanganya.

Wakamwekea mrija, nyongo ikapita. Homa ikashuka, akili zikarudi.

Siku ya tatu akaja daktari wa upasuaji, akauliza macho yalianza lini kuwa ya njano. Dada akaniangalia. Kabla sijajibu, baba akasema, "Juzi juzi tu, daktari. Huyu kijana aliponiona tu, akanileta."

Nilitoka nje nikalia. Kisha nikarudi nikasema ukweli: wiki sita, na dawa za mizizi. Baba akageukia ukutani.

Uvimbe umeshashika mishipa mikubwa ya damu, haukatiki. Nikauliza, je tungewahi? Daktari akasema hawezi kujua, kansa hii inajifichaga sana. Afadhali angesema ndiyo, ningejua moja.

Wakuu, macho ya njano, mkojo mweusi, choo cheupe, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikija na homa ya kutetemeka, usisubiri hata chakula kiive. Na usimtapishe mtu.

Baba sasa yuko Bunda kwa dada. Dada nilimwomba msamaha, akanisamehe huku ananisonya.

Baba ndiyo nimeshindwa. Kila nikianza, anakatisha, ananiuliza biashara inaendaje. Siku zenyewe zinaisha, namuona anavyokonda.

Kama kuna aliyewahi kumwomba msamaha mtu asiyekubali kwamba umemkosea, aniambie alianzaje. Matusi pia leteni, nasoma yote.