Treni ya Baba Ilipokuwa Bubu

Sisi tuliokulia Ibra zama zile simu ilikuwa bado kitu cha kupigia simu tulijaaliwa kila kitu isipokuwa treni. Oman nzima haikuwa na stesheni hata moja. Kwa hiyo, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, baba yangu aliamua kutandika reli kwenye majlis.

Ubao wa mita tatu, wa reli ya kuchezea, ulikalia mahala pa wageni, na wageni wakabanana ukutani, magoti kidevuni, wakila halwa kwa adabu. Mama, mtu wa Unguja, alisema neno moja tu: "Wenzangu huletewa mke mwenza. Mimi nimeletewa stesheni."

Baba alizaliwa Tabora, nyumba ya karibu na reli. Rafiki yake aliyekwenda masomoni Ujerumani alimletea kichwa cha treni cha kisasa, kirefu kama mkono wangu hadi kiwikoni. Ndani yake mlikuwa na dikoda, kijibao kama ukucha kinachopokea amri za rimoti kupitia relini, halafu kinatoa sauti zote: mvuke, breki, honi. Unaipa treni namba yake, unaiita kwa namba hiyo, nayo inaitika. Watoto wa siku hizi hawaitiki hata kwa majina yao.

Ikaja habari kwamba Bibi, mama yake Baba, anahamia kwetu kutoka Sur. Bibi alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa akimwita hata mwanawe, Baba, kwa jina la marehemu kaka yake Baba. Basi Baba akataka ile honi impokee, labda itamkumbusha kitu. Asubuhi ya siku hiyo akaiwasha treni. Ikaenda vizuri kabisa, taa zinawaka, lakini sauti hakuna.

Wataalamu hawakukawia. Ami Hamdun, mdogo wake Baba, aliwahi kutengeneza pampu moja ya maji shambani, na tangu siku hiyo akawa injinia. "Vumbi hilo," akasema. Wakasugua reli na magurudumu kwa spiriti mpaka majlis ikanuka kama hospitali. Bubu. "Basi hasad, wallahi," Ami akasema. "Watu wameitia jicho." Treni ikasomewa, ikafukizwa ubani. Bubu vilevile, ila sasa inanukia. Wakaifungua. Baba akagusisha kibetri kidogo kwenye nyaya mbili za spika, ikafanya "tk".

"Spika nzima," akasema.

"Basi dikoda imekufa," Ami akamjibu. "Umeletewa maiti. Kata hizo nyaya, tuitoe."

Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilikuwa nimekaa mlangoni, kimya kuliko treni. Juzi yake, wakubwa walipolala mchana, nilichukua rimoti. Masikio ya Bibi yalikuwa mazito, nikataka kumwongezea sauti. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabonyeza namba nisizozijua, nikajipongeza, nikaenda zangu kucheza. Sasa Baba alikuwa ameshika mkasi.

"Baba, ni mimi."

Enzi hizo mzazi hakukushukuru kwa kuwa mkweli. Baba akaweka mkasi chini. "Ungesema kabla ya ubani," akasema. "Kalete kitabu chake."

Tukakisoma pamoja, yeye akinifasiria Kiingereza, Ami akitukosoa Kiingereza asichokijua. Ikaonekana nilikuwa nimeishusha sauti mpaka sufuri. Iliandikwa humo kwamba ukiingia mpangilio wa nane ukaandika nane, dikoda inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Tukaandika. Baba akabonyeza honi. Safari hii hata taa haikuwaka.

"Khalas," Ami akasema kwa furaha aliyoshindwa kuificha. "Mmeimaliza."

Nikalia. Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alirudi kitabuni, kidole kikifuata mistari, mara akacheka peke yake. Treni kurudi kama ilivyotoka kiwandani kulifuta hata namba aliyoipa. Sisi tulikuwa tunaiita kumi na saba, kumbe sasa ni tatu, namba yake ya kiwandani. Akaandika tatu, akabonyeza. Honi ikalia, Mama akaangusha sinia la vitumbua jikoni, na Ami akasema alijua tangu mwanzo.

Bibi aliingia alasiri. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu." Tukamkalisha karibu na ubao, Baba akapiga honi. Bibi akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Hiyo siyo ya Tabora," akasema. "Ya Tabora ilikuwa nzito."

Kazi yote ile! Baba akaweka rimoti chini. Ndipo Bibi akamshika mkono. "Ikilia, nawe unalia, Salim. Nakubeba mgongoni nikakuoneshe. Ukiiona unanyamaza."

Salim ni jina la Baba. Alitoka majlis haraka, akasema vumbi limemwingia machoni. Ami akamwamini, maana vumbi lilikuwa fani yake.

Wanangu leo wameendelea. Kitu kikinyamaza hawakiulizi kinaumwa nini. Ijumaa iliyopita mashine ya kuchapia karatasi iligoma, na Ami Hamdun, sasa mzee wa mvi, akavaa miwani, akaikunja mikono ya kanzu. "Usijisumbue, Babu," mwanangu akamwambia bila kuinua macho, "nshaagiza nyingine." Ami akavua miwani. Maskini mzee wa watu, akashinda kwangu mchana kutwa, hana hata kitu kimoja cha kuharibu.