Shokapu Chini ya Kitanda

Mara moja kila mwaka, wiki ya ukaguzi wa magari ikikaribia, fundi miwani alilivua gari lake nguo nzuri akalivisha matambara. Hivyo ndivyo alivyolieleza zoezi hilo mwenyewe, na hakulieleza kwa kucheka.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la milango miwili, lenye nafasi ya watu wawili na mfuko mmoja wa vitunguu. Kwa miaka sita alikuwa amelitengeneza kidogo kidogo. Alitia springi fupi, likashuka vidole viwili. Alitia shokapu mpya, zile nguzo za mafuta zinazolizuia gari lisirukeruke kila likikanyaga shimo. Alitia usukani mdogo wa ngozi, kisha ekzosi, bomba la moshi lenye sauti nene lililowafanya majirani wajue saa bila kutazama ukutani. Dukani alishinda ameinama juu ya mashine ya kusaga vioo, akigombana na unene wa unywele. Jumapili asubuhi alipanda barabara ya vilima hadi kwenye bwawa la maji na kurudi: gia ya pili, ya tatu, ya pili tena, na kila kona gari likiingia na kutoka kama sindano kwenye kitambaa. Kioo cha mbele alikifuta kwa kile kitambaa laini cha kufutia miwani, na ole wake atakayekigusa kwa tambara la jikoni. Hakuwa na starehe nyingine.

Tatizo lilikuwa fomu ya ukaguzi. Kipengele cha saba kiliuliza: je, gari limebadilishwa kifaa chochote? Fundi miwani alikuwa na hakika, bila kumuuliza mtu yeyote anayejua, kwamba ukijibu ndiyo umekwisha. Basi kila mwaka alirudisha vifaa vya zamani vya kiwandani, akaandika "hakuna", akapewa stika, akarudi nyumbani kuvifungua vyote upya. Seti moja ikiwa garini, nyingine ililala chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye shuka.

"Wenzangu chini ya kitanda wana masanduku ya nguo," mke wake aliwaambia wageni. "Mimi nalala juu ya gereji."

Mwaka huu mambo yalikwenda kombo. Mara ya kwanza gari lilikataliwa kwa taa moja iliyotazama juu. Mara ya pili, breki ya mkono. Mkaguzi huwa anasimama kwenye kosa la kwanza na kukurudisha nyumbani. Lakini sheria ilibandikwa wazi kwenye geti: mara ya tatu, namba za gari zinafunguliwa hapohapo, linabebwa na lori, na mwenye gari anasubiri kikao. Kikao hicho kwa kawaida kilichukua mwaka.

Kwa hiyo alikuwa ameendesha wiki tatu nzima akiwa na vyuma vya zamani, gari likiyumba kama godoro, na asubuhi ya ukaguzi wa tatu alikuwa amekunja uso tangu kupiga mswaki. Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kupaka rangi nyumba na msaidizi wake wa kila mwaka katika udanganyifu huu, alikaa garini kiti cha pembeni, kwenye foleni ya ukaguzi, akila karanga.

"Maganda hayo usiyamwage," alisema fundi miwani.

"Shemeji, hili gari huenda jioni halipo. Unaniwekea sheria za maganda?"

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Karanga ndizo zinazosema."

Mkaguzi aliyewapokea alikuwa yule waliyemwita Mama Tochi, kwa sababu tochi yake ya kichwani hakuivua hata juani. Aliangalia taa, akatikisa kichwa kukubali. Akavuta breki ya mkono, akakubali. Fundi miwani akaanza kupumua. Kisha Mama Tochi akaweka viganja viwili kwenye kona ya boneti, akaikandamiza, akaiachia.

"Moja," akahesabu, gari likipanda na kushuka. "Mbili. Tatu. Nne." Akangoja. "Tano."

Akapiga magoti, akamulika nyuma ya gurudumu. "Shokapu zimekufa. Mafuta yote yako nje. Unaendesha hiki kitu barabarani, kwenye watoto wa watu?"

Fundi miwani aliitazama ile sheria iliyobandikwa getini.

"Na nati zake zinang'aa," aliendelea kutoka huko chini. "Zimefunguliwa juzijuzi tu. Mtu kafungua nati, kaona shokapu zinavuja, kazifunga tena?"

Akainuka, akajikung'uta magoti, akachukua bisibisi mezani. Ilikuwa ile ya kufungulia namba. Watu wa foleni walianza kusogea, maana namba zikifunguliwa kila mtu hupenda kuona.

"Nzuri ziko nyumbani," fundi miwani alisema.

"Nini?"

"Shokapu nzuri. Ziko chini ya kitanda. Nimezitoa ili unipitishe."

Mama Tochi alimtazama, tochi ikimpiga machoni. "Ngoja nielewe, kaka. Gari lilikuwa zima. Ukalitia ubovu. Ukaniletea."

"Ndiyo."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi miwani," shemeji alidakia. "Anawatengenezea watu macho ya kusomea."

"Basi asome." Alimpa fomu, kidole kikiwa kwenye kipengele cha saba. "Mpaka mwisho."

Chini ya lile swali palikuwa na mstari wa herufi ndogo: *Ikiwa ndiyo, taja kifaa na uambatanishe karatasi ya mtengenezaji.* Basi. Hapakuwa na adhabu wala kikao. Fundi miwani aliusoma mara mbili, akahisi masikio yanawaka moto. Miaka sita alikuwa akiishia kwenye alama ya kuuliza.

"Mstari huu umewekwa lini?"

"Niliukuta. Nina miaka kumi na mmoja hapa." Mama Tochi aliirudisha bisibisi mezani. "Sijaandika kitu bado. Nina magari kumi na manne. Nikimaliza la kumi na nne, nakuja kwako. Nikikuta hizi, nafungua namba."

Fundi miwani alimpigia mkewe simu. Mkewe alisikiliza, akauliza swali moja tu, karatasi za mtengenezaji ziko droo gani, na kufikia gari la tano alikuwa ameshuka kwenye teksi na shuka lake zito lenye springi, shokapu na usukani.

"Nimezileta," alisema. "Zisirudi."

Walilipandisha gari kwa jeki kando ya ukuta. Kila dereva kwenye foleni alikuwa na ushauri. Mmoja alisema waanze nyuma, mwingine akasema wanaanza nyuma kama watu wasiojua. Shemeji alidondosha nati kwenye mfereji, akaitafuta kwa mguu, akatoka na kifuniko cha chupa. Fundi miwani, shati jeupe la dukani likiwa limegeuka ramani, alilaani nati, jeki, jua na wote waliomfanya aogope karatasi. Hatimaye, kwa sauti ndogo zaidi, alijilaani mwenyewe. Mkewe ndiye aliyeikuta nati, chini ya kiatu cha kaka yake.

Waliteremsha jeki gari la kumi na tatu likitoka.

Mama Tochi alikandamiza boneti. Ilishuka, ikapanda, ikatulia. Aliijaribu kona ya pili, ya tatu, ya nne. Alichukua fomu, ambapo fundi miwani alikuwa ameorodhesha vyote, springi, shokapu, usukani, mpaka nafasi ikaisha akaandika pembeni.

"Ekzosi pia?"

"Iko nyumbani. Nitaifunga Jumapili. Nimeona niseme kweli yote."

"Karatasi yake inasema ni ya mashindano. Kelele hiyo siipitishi."

"Kelele gani? Ile ni sauti."

"Kata."

Fundi miwani alimtupia mkewe jicho. Akaikata kwa mstari mmoja, kalamu ikitoboa karatasi. Mama Tochi akagonga mhuri, akabandika stika, akaenda kunywa maji.

Gari lilikuwa la watu wawili na wao walikuwa watatu. Mkewe alifungua mlango, akakaa. Shemeji alibaki amesimama kando ya ukuta na shuka lenye vyuma vibovu.

"Na hizi?"

"Tupa."

"Wapi, shemeji? Na mimi nitarudi kwa miguu ya nani?"

"Kuna basi," dada yake alimwambia kupitia dirishani.

Waliteremka hadi mzunguko wa barabara. Fundi miwani aliuingia kwa gia ya pili, akauzunguka mara moja na nusu bila sababu, gari limeshika lami.

"Mbona halirukiruki?" mkewe aliuliza.

"Ndivyo lilivyo siku zote. Ukitoa hizi wiki tatu."

"Sikujua. Jumapili hunichukui."

"Hujawahi kuuliza."

"Na wewe," alisema, akiteremsha kioo, "hujawahi kuuliza kipengele cha saba."

Kwenye taa za barabarani alianza kufuta kioo cha mbele kwa kile kitambaa laini, na zilipowaka kijani alikuwa bado anafuta. Gari la nyuma lilipiga honi.