Nyungunyungu wa Saizi ya Baba

Naogopa nyungunyungu. Jambo hili nimelikana kwa muda mrefu, tena kwa ufundi. Nilipokuwa chuo kikuu nilisema kuvua samaki ni kupoteza muda wa kusoma. Nilipoolewa nilisema jua linaniharibu ngozi. Nilipofikia umri ambao watu hawakuulizi tena sababu, nikanyamaza tu. Ukweli ni kwamba siwezi kumshika kiumbe yule. Nikimgusa anajikunja, na mimi najikunja kuliko yeye. Utotoni, kule Kishapu, tulipokwenda kuvua kambare kwenye lambo la ng'ombe, baba ndiye aliyeniwekea chambo kwenye ndoana, huku akinitania kwamba atanitafutia mume wa kazi hiyo peke yake.

Ningeweza kuendelea kukana mpaka kaburini kama mikono ya baba isingeanza kutetemeka.

Ulianza mkono wa kulia, wa kushoto ukafuata. Daktari wa Shinyanga alisema ni mishipa ya fahamu, kwamba dawa zitapunguza lakini hazitaondoa. Mama alikwisha kufariki, kwa hiyo baba anaishi peke yake, na bado kila siku anachukua ufito wake na kwenda lamboni. Kiangazi kilichopita aliteleza kwenye tope akabaki humo mpaka wachungaji walipomvuta, kama wanavyomvuta ndama. Kaka yangu, ambaye anaishi Dar es Salaam na hutawala ukoo kwa simu, akaamua kwamba baba ahamie kwangu Geita. Kazi ya kumshawishi nikapewa mimi, nikamfuata Kishapu.

"Geita nitavua nini, mayu?" baba aliniuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Huniita hivyo akinionea huruma, na pia akiwa anajiandaa kunikatalia. "Dhahabu?"

"Nyuma ya mtaa wetu kuna mashimo yamejaa maji," nilisema kabla ya kufikiri.

"Yale ya zebaki."

"Siyo yale, baba. Kuna ziwa. Chato si mbali."

Mikono yake ilicheza juu ya magoti kana kwamba inamsikiliza mtu mwingine. Kisha akatoa sharti. Nimpeleke Chato. Akivua samaki mmoja mwenyewe, chambo aweke mwenyewe, samaki amtoe majini mwenyewe, atahamia na mbuzi wake wote. Akishindwa, nimrudishe Kishapu, na kaka asimpigie tena kuhusu habari hiyo.

Nikakubali. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nilipoona nilichokubali. Nyungunyungu anajikunja, mikono inatetemeka, ndoana ni ndogo. Nilishamwona baba lamboni akijaribu, nyungunyungu mmoja baada ya mwingine wakimponyoka na kurudi zao topeni. Na hata kama sharti lingeniruhusu nimsaidie, nisingeweza. Tulikuwa watu wawili wenye mikono minne, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliofaa.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba Mwanza wanauza nyungunyungu wa plastiki laini. Hawajikunji, hawaponyoki, hawafi. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata, kwenye duka la nyavu, nikiwa na matumaini ya mtu anayekwenda kwa mganga.

"Saizi gani, mama?" kijana wa dukani aliniuliza.

"Ya kawaida."

"Hawa hawana kawaida. Kuna huyu wa urefu wa kidole, huyu wa kalamu, na huyu hapa." Akainua kitu chenye urefu wa mkanda wa kiatu. "Huyu ukimwacha sebuleni wageni wataondoka."

"Samaki wanampenda yupi?"

"Mama, mimi ni muuzaji. Samaki hawajawahi kuja hapa."

Nikanunua saizi zote, kama tunavyofanya sisi tuliosoma tunapokuwa hatujui kitu. Kisha nikajifungia na simu kuangalia video za wanaume waliovaa kofia, wakiwa kwenye maboti yanayong'aa juu ya maji meupe. Mmoja alisema samaki mkubwa anataka nyungunyungu mkubwa. Mwingine akasema samaki wakigoma, punguza. Wa tatu akasema yote hutegemea, na hapo ndipo nilipomtambua kuwa msomi mwenzangu. Niliwapanga nyungunyungu mezani, nikawapima kwa rula, nikaandika. Nina shahada mbili. Mume wangu alipita, akatazama meza, akarudi alikotoka.

Baba alipofika Geita nilimjaribisha barazani, huku makarasha ya kusaga mawe yakinguruma upande wa pili wa barabara. Yule wa kidole alikuwa mwembamba mno. Baba alimkosa, akamkosa tena, mwishowe akajichoma na kumlaumu nyungunyungu. Wa kalamu alimponyoka na kuangukia chai. Yule mrefu, mnene kama kidole gumba, alitulia mkononi, na baba akaichomeka ndoana polepole hadi ikatokea upande wa pili.

"Huyu ndiye wangu," alisema.

Hapo nilipaswa kufurahi. Nilichokuwa nacho ni nyungunyungu aliyechaguliwa na vidole vya baba, na samaki walikuwa hawajaulizwa.

Chato tulikaa kwenye mawe, mbali kidogo na akina mama waliokuwa wakianika dagaa. Baba aliweka chambo, akatupa mshipi, ukatikisika mara moja. Akavuta. Nyungunyungu alirudi bila mkia.

"Wamenionja," alisema.

Akaweka mwingine. Mkia ukaliwa. Sangara wanaokuja karibu na mawe yale ni wadogo, mdomo wao unaishia katikati ya kitu tulichowapelekea. Nilijua. Ilikuwa kwenye video. Wale wa kidole walikuwa ndani ya mkoba wangu, samaki wangewameza mara moja, na baba asingeweza kuwashika hata kama tungekaa pale mpaka masika. Jua lilipanda. Mikia ikaisha. Baba hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu ni mtu anayelalamikia hata kivuli.

Nikatoa kisu cha kumenyea machungwa. Nikamchukua mmoja wa wale wanene, nikamkata, nikabakiza kipande kifupi kinene. Nikampa baba. Alikitazama, akanitazama. Akaichomeka ndoana mwenyewe. Akatupa mwenyewe. Na mkono wake ulivyokuwa ukitetemeka, kile kipande kilicheza majini kuliko alivyochezesha chambo chake mwanaume yeyote wa video. Mshipi ukakaza. Baba akasimama, nikanyoosha mikono kumshika, akanikaripia nikae. Akavuta, akapumua, akavuta, mpaka sangara wa urefu wa mkono akalala juu ya jiwe akipiga mkia.

Wale akina mama wa dagaa walipiga vigelegele. Mmoja akamwambia baba, "Babu, huyo ni mahari." Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni ile nilimwambia kaka kwamba jambo limekwisha. Baba akarudi Kishapu kufunga mizigo. Mimi nikatoa vitabu kwenye chumba cha nyuma, nikapaka rangi, nikanunua kitanda kifupi ili asipate shida kupanda. Nikazungumza na jirani kuhusu mahali pa kulaza mbuzi. Siku aliyosema atapanda basi nilikuwa natundika pazia simu ilipoita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Kitanda umenunua?"

"Nimenunua."

"Pole."

Nilishuka kwenye kiti.

"Nimemfikiria yule samaki," alisema. "Si wangu."

"Baba, chambo uliweka mwenyewe. Ulimtoa mwenyewe. Hata kukushika ulinikataza."

"Nyungunyungu ulimkata wewe."

"Nilimpunguza tu."

"Basi hapo ndipo samaki alipopatikana. Wangenilia mikia mpaka usiku. Kipimo ulikijua wewe. Mimi nilishika ufito."

Nilitafuta hoja. Hoja ndiyo kazi yangu, nalipwa kwa hilo. Nikamwambia kwamba hakuna mvuvi asiyesaidiwa, kwamba hata ndoana ilitengenezwa na mtu mwingine. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyowasikiliza wahubiri wanaogonga mlangoni kwake.

"Ungekuwa unanikatia kila kitu humo ndani," alisema. "Nyama. Mkate. Ningenenepa, mayu, lakini nisingekuwa navua."

"Na ukianguka tena?"

Nyuma yake nikasikia kengele za ng'ombe, mtu akimfokea ndama, na maji yakipigwa na kwato.

"Baba, uko lamboni?"

"Niko mbali na tope," alisema. "Kiasi." Akakata simu.