Mama Alipopanda Bara

Juzi, huku Dubai ninakofanya kazi, nilipanda ngazi za kituo cha treni kilichojengwa juu ya nguzo. Treni ikaja ikipita juu ya maduka, nami nikakumbuka Mombasa, alasiri tuliyomsindikiza mama stesheni.

Nilikuwa mtoto mdogo, nimeshikwa mkono na bibi. Mabehewa yalinuka mafuta na chuma kilichopigwa na jua.

"Bibi, mama aenda wapi?"

"Apanda bara, mwanangu."

Leo najua alikuwa akipelekwa hospitali huko bara, mbali na pwani. Siku ile nilidhani treni itapanda hewani kweli. Mama alitoa mkono dirishani, akaniita, "Njoo nikubusu, mamangu." Sikwenda. Nilikimbilia mwisho wa jukwaa nikaone pale reli zinapoinuka. Honi ikalia, na treni ikaenda ardhini tu, bila kupanda, mpaka ikapotea.

Mama hakurudi. Alizikwa huko huko, nami nikaambiwa bado yuko bara. Kila alasiri nikitoka chuoni kusoma Kurani nilipanda darini, juu ya nyumba, na nikiisikia honi naipungia mbingu mkono. Bibi alikuwa akisimama chini ya ngazi akinitazama. Hakuniita nishuke hata siku moja.