Rimu Kubwa za Mume, Nyonga ya Shangazi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari dogo jeupe limesimama mbele ya geti la kijani. Abiria watatu wamekwishaingia na milango imefungwa. Dereva, mwanamke wa miaka arobaini na sita, badala ya kuondoka anashuka.

Anachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kushoto na kupitisha vidole viwili kati ya tairi na ukingo wa bodi. Anahamia kulia, kisha mbele. Kila gurudumu anafanya hivyo hivyo, taratibu, na abiria wakiwa ndani na uzito wao wote.

“Anatuchelewesha,” anasema mzee aliyeketi mbele, fundi cherehani aliyestaafu. “Lakini acha atucheleweshe. Tunajua kwa nini.”

Abiria wake ni wagonjwa wa figo. Kila mmoja huenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwenye mashine, na anaporudi hana nguvu hata ya kufunga mkanda. Mtu wa namna hiyo ukimrusha kwenye tuta, mwili mzima unamuuma. Ndiyo maana walimpa huyu mama jina la Polepole. Nyumbani anaitwa Mama Pacha, kwa watoto wake wawili ambao sasa ni watu wazima na wanajitegemea.

Gari alilinunua miaka saba iliyopita pamoja na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Shangazi aliuza kiwanja chake pekee ili gari lipatikane.

“Aliniambia, ‘Mwanangu, kiwanja hakiniletei kitu. Wewe utaniletea,’” anakumbuka Polepole. Miaka mitatu baadaye figo za Shangazi zikafeli, naye akawa abiria wa kiti cha nyuma kushoto.

Gari lilitoka kiwandani na magurudumu ya inchi kumi na tatu. Ni madogo, hayana urembo, lakini matairi yake ni manene ubavuni. Likiingia shimoni, tairi ndilo linalopokea kishindo, mgonjwa anasikia kidogo tu. Polepole hakuwahi kutamani mengine.

Aliyetamani ni mumewe.

Mumewe ni fundi wa magurudumu mwenye duka la rimu barabara ya pili kutoka nyumbani kwao. Ukutani zimening'inia rimu za kila aina, zinang'aa mpaka unajiona sura. Kwake yeye, mke wa fundi kuendesha gari lenye inchi kumi na tatu ilikuwa aibu ya ukoo.

“Alikuwa ananicheka mbele ya wateja,” anasema Polepole. “‘Mwoneni mke wangu, gari lake limevaa viatu vya mtoto!’ Nikamwambia, Baba Pacha, hili gari linabeba wagonjwa, si bibi harusi. Lifungie rimu gari la mwingine.”

Mume hakubishana. Alingoja.

Miaka miwili iliyopita Polepole aliugua homa iliyomlaza wiki nzima. Siku alipopata nguvu ya kutoka nje, alilikuta gari limesimama juu ya rimu za inchi kumi na tano, na matairi mapana yenye ubavu mwembamba. Ubavuni mwa gari palikuwa na jina la duka na namba ya simu kwa maandishi mekundu. Magurudumu yake ya zamani yalikuwa yameshauzwa.

“Nilisimama pale na kanga begani, nawaka, sijui ni homa au ni hasira,” anasema. “Akaniambia, ‘Tangazo linalotembea hilo, Mama Pacha. Kizuri chajiuza.’ Nikamjibu, na kibaya chajitembeza. Akacheka. Alidhani namtania.”

Sasa hapa ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo fundi tu ndiye anayeweza kulifanya. Mume alipofunga magurudumu yale aliyajaribu. Alilipandisha gari kwa jeki, akazungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, na hakuna kilichogusa. Lakini gari likiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia, na nafasi inaonekana ya kumwaga. Literemshe chini, uweke watu watatu, bodi inashuka na nafasi inakwisha.

Abiria ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika. Fundi cherehani anasema ilikuwa kama kupandishwa mkokoteni. Kati ya wagonjwa kumi na mmoja, wanne tu walibaki. Kipato cha Polepole kilishuka chini ya nusu, na waliobaki, anasema, walibaki kwa huruma.

Kisha ikaja ile sauti. Kila alipopita kwenye tuta na gari limejaa, nyuma kushoto kulikuwa na mkwaruzo, krrr, kama paka anakuna mlango.

Alimwambia mumewe. Mume akachukua ufunguo, akazunguka mtaa, akarudi. “Hakuna kitu. Ni kokoto.”

Akamwambia tena. Akazunguka tena. “Hakuna kitu. Ni masikio yako.”

Mara ya tatu hakutoka hata kwenye kiti chake. Na mara zote mbili alizolijaribu aliliendesha peke yake, gari tupu. Gari tupu lingemwambia nini?

“Nilimwomba akae nyuma, mimi niendeshe, tujaze watu wawili wengine,” anasema Polepole. “Akaniuliza, tangu lini fundi akapakiwa kama mzigo?”

Kisha ikatokea ajali. Asubuhi hiyo abiria walikuwa watatu, Shangazi akiwemo, na yeye wa nne. Kwenye mteremko wa kuingilia hospitali kuna tuta, na baada ya tuta kuna kona. Ukingo wa bodi ulikuwa umekwangua tairi wiki baada ya wiki, na hapo ndipo tairi liliposalimu amri. Likapasuka. Gari likayumba na kugonga nguzo ya taa kwa ubavu wa kushoto, nyuma.

Abiria wawili walitoka na michubuko. Shangazi alivunjika nyonga.

“Hakulia,” anasema Polepole. “Aliniuliza tu, ‘Ndiyo ile sauti?’ Nikasema ndiyo, Shangazi, ndiyo ile. Akasema, ‘Basi ulijua.’ Mwenyezi Mungu anisamehe. Nilijua, na nikampakia.”

Imepita miezi minane. Shangazi, mwenye miaka sabini na moja, hatembei tena. Kwenda kwenye mashine anabebwa na gari la kukodi la mtu mwingine, dereva asiyemjua, anayepiga honi nje badala ya kuingia kumwinua. Gari alilolinunua kwa kiwanja chake hataki hata kuliona.

Nilimkuta kitandani, mto umewekwa chini ya paja. Ni mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, na hayo machache yana ncha.

“Sina ugomvi na gari,” alisema. “Huyo mkwe wangu aje, akae hapo kwenye hicho kiti, aseme, ‘Shangazi, nimekosa.’ Siku hiyo hiyo nitapanda. Lakini hajaja. Amenitumia machungwa.”

Nilikwenda dukani kumsikia mume pia. Ni mtu mcheshi, anayependwa mtaani, na alinivutia kiti kabla sijasema nimefuata nini. Nilipotaja nyonga ya Shangazi akashika rimu iliyokuwa karibu na kuanza kuifuta kwa kitambaa.

“Ajali haina kinga,” alisema. “Barabara mbovu. Tairi ni tairi, linapasuka.”

Nikamuuliza kwa nini hajakwenda kumwona mgonjwa.

“Nikienda watasema nimekubali ni mimi,” alijibu, akaendelea kufuta rimu ambayo haikuwa na vumbi.

Polepole aliposimuliwa jibu hilo alicheka, kicheko kikavu. “Ajali haina kinga, kweli. Lakini hii ilibisha hodi mara tatu.”

Baada ya ajali alitafuta magurudumu ya inchi kumi na tatu kwa wauza vyuma chakavu. Aliyapata mawili huku, mawili kule, hayafanani rangi, akayafunga. Abiria saba wamerudi. Angeweza kuishi hivyo, anasema, angemvumilia mume na ukimya wake, kama si jambo la wiki iliyopita.

Rimu tatu zilizosalimika siku ile mumewe alizing'arisha na kuzitafutia ya nne. Jumanne, Polepole akipeleka chakula dukani, alimkuta mteja, mwanamke kijana mwenye gari dogo la aina ileile kabisa. Limepandishwa juu ya jeki, na mume anazungusha usukani: kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho.

“Unaona?” alikuwa anamwambia mteja. “Hakuna kinachogusa.”

Polepole aliweka chakula chini. “Dada,” alimwambia yule mteja, “mwambie alishushe, tujae humo watu wanne, kisha aangalie tena. Hizo rimu zilikuwa zangu. Zimemvunja shangazi yangu nyonga.”

Mteja alimwangalia, akaangalia rimu, akamwangalia tena. “Pole, mama. Lakini mimi naendesha peke yangu,” alisema. “Sibebi mtu.”

“Umemsikia?” mume akasema, na wateja wengine wakacheka. Jioni ile rimu ziliondoka.

“Mtu anaweza kukosa,” anasema Polepole. Tumeketi kwenye gari lake nje ya hospitali, tunawangoja abiria washuke kutoka kwenye mashine. “Kosa la kwanza nilisema hakujua. Nikamfunika, hata kwa watoto. Lakini Jumanne alikuwa anajua, na bado akaziuza. Mimi nalala na mtu huyo?”

Mpango wake ameshaupanga. Jumamosi hii anahamia kwa Shangazi, chumba cha pili, kile kilichokuwa chake alipokuwa msichana. Gari anakwenda nalo. Duka anamwachia mwenye duka. Jumatatu asubuhi anataka Shangazi awe wa kwanza kupakiwa, nyuma, upande wa kulia safari hii, na mto chini ya paja.

Je, Shangazi amekubali, na radhi haijaombwa?

“Nilimwambia, Shangazi, yule hatakuja, lakini mimi nakuja na masanduku yangu. Akaniambia, ‘Kumbuka kuja na shuka zako, za hapa hazitoshi.’”

Nikamuuliza swali la mwisho, kama mumewe anajua kuhusu Jumamosi.

“Bado,” anasema. Mlango wa hospitali umefunguliwa na fundi cherehani anatoka ameshikilia ukuta, naye Polepole ameshaanza kushuka kwenda kumpokea. “Wewe andika. Gazeti analisoma kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Mimi huwa hanisikii.”