Tumbo la Chuma na Karatasi

Kabla karatasi hazijaja, kipimo cha chakula katika kantini ya kiwanda kilikuwa mtu. Wenzake walimwita Tumbo la Chuma. Aliajiriwa kuosha masufuria, siku moja akakutwa anafakamia kiporo cha nyama kilichokwisha kunuka. Msimamizi wa jiko akasubiri aanguke, hakuanguka. Tangu hapo kila kiporo kilipitia kwake kwanza. Akiugua, kinamwagwa. Akinyamaza, kinapashwa moto, wafanyakazi wanakula. Kwa kazi hiyo alimlea binti yake peke yake, naye sasa anashona mashati humohumo kiwandani, na hatii tonge mdomoni kabla ya kumuuliza baba.

Asubuhi moja akaja muuza vipimo, kijana mwenye tai. Akachovya kikaratasi kwenye mchuzi wa nyama wa jana, wakasubiri kidogo.

"Mistari miwili, mkuu. Vijidudu vimeshatia sumu. Hata ukichemsha haitoki. Na kikaratasi hiki hakifiki bei ya soda."

Msimamizi akacheka. "Sisi tuna chetu, kinatembea! Tumbo la Chuma, njoo ushindane na karatasi. Ukiugua, kesho usije, nanunua katoni nzima."

"Mkuu, mimi na karatasi wapi na wapi?"

"Kula, mzee!" wapishi wakapiga kelele. "Riziki yako imo humo!"

Akala sahani nzima. Wakaketi kumtazama kama watu wanaotazama mpira. Haukupita muda, tumbo likaanza kumsokota, mate yakamjaa mdomoni. Akaegemea sinki, akauma meno, akatabasamu.

"Huyu anatoka jasho," muuza vipimo alisema.

"Jikoni nani hatoki jasho?" msimamizi akamjibu.

"Niongezeeni," akasema Tumbo la Chuma.

Jiko zima likalipuka kwa vifijo. Kijana akakusanya karatasi zake, akaondoka ameinamisha kichwa. Nyama ikabandikwa motoni.

Kengele ya chakula ilipolia, aliyetangulia kwenye foleni alikuwa binti yake, nyuzi zimemganda nyweleni.

"Baba, leo umeonja?"

Msimamizi alisimama kando, upawa mkononi, akimkodolea mzee macho. Matapishi yalikuwa yamemfika Tumbo la Chuma kooni. Angefungua mdomo tu, yangesema yenyewe.

Akayameza. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi nijazie," binti akamwambia msimamizi, akanyoosha sahani.