Mchemraba wa Mama Préfète

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Mkuu wa karakana ya rangi kule mgodini Likasi, ambaye sote tulimwita Chef, alinipa kikwanguo na brashi ya waya, akanionyesha bomba refu lenye kutu. "Kwangula," akasema. Nilikwangua miezi mitatu. Ninyi vijana wa leo mnafungua kopo asubuhi, na jioni mnajiita mafundi. Sina ugomvi nanyi, ila mimi masikio yangu yalivutwa kwanza.

Sheria ya Chef ilikuwa moja. Kutu yote itoke, halafu mkono mmoja wa minium, ile rangi nzito nyekundu inayozuia kutu isirudi, ndipo ufuate mikono miwili ya rangi yenyewe. "Rangi haibandikwake," alikuwa akisema. "Rangi inashikaka. Kama haishike, ni weye njo haukukwangula."

Baadaye nilihamishiwa mgodi wa Kakanda, chini ya msimamizi tuliyemwita Contremaître, aliyepima kazi kwa ukucha wa kidole gumba. Rangi ikibanduka, unarudia bomba zima. Niliporudi Likasi, miaka ya tisini ilikuwa imeshatufika shingoni. Mishahara ilikuja kwa kusuasua, mwishowe ikaacha kuja. Karakana ikafungwa, Chef akalima viazi vitamu nyuma ya nyumba yake, nami nikaandika majina kwenye milango ya maduka ya dawa na nyumba za maombi. Siku hizo wazazi ndio waliolipa walimu, na watoto wangu watatu walikuwa wamerudishwa nyumbani. Hilo liliniuma kuliko njaa.

Ndipo Mama Préfète, mkuu wa shule ya sekondari, akaniita ofisini kwake. Mezani kulikuwa na mchemraba wa fumbo, ule wa nyuso sita unaozungushwa mpaka kila upande uwe na rangi yake. Karatasi zake za rangi zilikuwa zimekunjamana, nyingine zimeanguka.

"Tata, unipakie rangi ya kweli," akasema, akiniita "baba" kwa lugha ya kwetu. "Kuko mupakaji mwingine wa Kakontwe, yeye anataka kubandika makaratasi ya mupya. Mwenye atatengeneza muzuri njo atapaka ma-classes yote, na batoto yake batasoma bure."

Niliubeba kama yai. Nyumbani niliufungua vipande, nikatoa karatasi zote, nikafanya kama nilivyofundishwa: minium kwa kila kipande, kisha mikono miwili. Ulipokauka nikaupanga upya, kila rangi upande wake. Uling'aa kweli. Nikajaribu kuuzungusha. Haukugeuka hata kidogo.

Nilimpelekea Chef shambani. Aliushika, akaugonga kwa kidole, akacheka mpaka akakaa juu ya tuta.

"Plastiki inashikaka kutu?"

"Hapana, Chef."

"Sasa minium ni ya nini?"

"Ni weye ulinifundisha."

"Nilikufundisha bomba." Akafuta machozi. "Kwangula yote. Upitishe msasa laini. Rangi mukono moja, nyepesi, na uache kando-kando bila kupaka, ipate fwasi ya kupita."

Nikakwangua tena, mzee mzima, siku tatu.

Mama Préfète alipouzungusha, ulipita laini. Akauchanganya, halafu akajaribu kuurudisha. Kengele ya mapumziko ikalia, bado anahangaika. Mwishowe akapitisha ukucha kwenye kona ya kigae chekundu, nami nikamkumbuka Contremaître. Rangi haikubanduka. Mama Préfète akaenda kufunga mlango.

"Tata, umeniharibia."

"Mama, nimekosa wapi?"

"Banafunzi banajua minye niko fundi ya hii kintu. Banaichanganya, naingia nayo bureau, natoka nayo imetengenezwa. Miaka ine sasa. Nilikuwa nabandulaka makaratasi, nabandika tena. Nilitaka ionekane muzuri, sikuwaza rangi haibandukake."

Aliyemfaa ni yule wa Kakontwe, na niliona watoto wangu wakirudishwa mara ya pili. Kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, nikamsimulia habari ya minium na Chef aliyecheka kati ya viazi. Akaanza kucheka naye.

"Basi, tuko babili benye haya," akasema. "Katika hii muji kila kintu sasa inabandikwa juu-juu. Apa kwangu ikuwe rangi. Leta batoto lundi."

Jumatatu hiyo wakarudi darasani, nami nikapaka shule nzima, kuta nikizikwangua kwanza. Mama Préfète akawaambia wanafunzi ukweli, mchemraba ukapita mikononi mwao, na wa kwanza kuutatua alikuwa binti yangu Ngalula. Mama Préfète alimpigia makofi akiwa amesimama.

Sasa nimestaafu, mgongo hautaki ngazi. Ngalula anafundisha hesabu katika shule ileile, na juzi aliniletea mchemraba. "Tata, ipake tena, rangi imeisha."

Nilivaa miwani, nikatafuta kwa ukucha mahali ilipobanduka. Sikupaona. Ilikuwa imelika kwa vidole tu, kidogo kidogo, miaka yote hiyo. Nikavua miwani, nikamrudishia.

"Iache vile," nikamwambia. "Batoto bashike kwanza."